Mwaka Niliosimamishwa Mbele ya Watu

Mambo yalianza Jumamosi ya kwanza ya Septemba, saa nne na robo asubuhi, pale Maalim Haruni alipoandika neno moja ubaoni, tazir, akageuka na kutuuliza nani anajua maana yake. Saa naijua kwa sababu niliiandika. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na kila kitu nilikiandika kwenye daftari la kijani, kwa kuwa kusema kulinishinda. Hakuna aliyejua maana yake. Leila, rafiki yangu aliyekuwa akikaa kushoto kwangu, alisema kwa Kiswidi kwamba pengine ni jina la duka la mazulia. Watu wakacheka, na Maalim naye akacheka kidogo, akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kanzu.

Sasa nina miaka kumi na tisa, namaliza sekondari mwaka huu, na Maalim amefariki. Wiki mbili zilizopita tulimsomea khitma katika chumba kilekile cha madrasa, chini ya jengo la kupanga kule Hjulsta, pembezoni mwa jiji hili la Waswidi. Watu walisema mengi mazuri, kwamba alikuwa mpole, kwamba hakuwahi kumwinulia mtoto mkono. Yote ni kweli. Lakini ile siku ya kusimama hakuna aliyeitaja, na mimi pia sikuitaja, nilikunywa chai yangu nikaondoka. Nyumbani nikalitoa daftari chini ya kitanda, nikalisoma lote kwa siku moja. Tangu hapo nimechoka. Silii, nimechoka tu, ule uchovu wa kukaa na jambo moja miaka mitatu bila kuliweka popote. Ndiyo maana naliandika hapa, safari hii kwa ajili ya watu wengine kusoma.

Chumba chenyewe kwanza. Zamani kilikuwa stoo ya baiskeli za wapangaji, na ukutani vyuma vya kufungia baiskeli vilikuwa bado vipo, tunatundikia makoti. Upande wa dirisha kulikuwa na joto, mtu anakaa na shati tu. Upande wa mlango upepo uliingia chini kwa chini, na kuanzia Novemba waliokaa huko hawakuvua makoti. Kulikuwa na pazia la maua linalotenga upande wa kina mama, na nyuma yake birika, makopo ya sukari, na mazungumzo yasiyoisha. Nilitoka Rågsved kila Jumamosi, treni mbili, karibu saa nzima, na kwa sababu ya ratiba nilikuwa nafika mapema mno. Basi nilikaa nyuma ya darasa la watoto wadogo nikijifanya nafanya kazi za shule, kumbe nasikiliza. Kina mama wa Unguja na Mombasa, wa Bujumbura, wa Kongo, kila mmoja na Kiswahili chake, wanabishana kama mbaazi zinatiwa sukari au hazitiwi. Harufu ya chumba ilikuwa ya viatu vilivyolowa theluji na mahamri yenye iliki. Nikisikia harufu hizo mbili pamoja hata leo, mgongo wangu unanyooka wenyewe.

Maalim alikuwa mtu wa Tanga, na siku za kazi alikuwa dereva wa basi. Mara nyingi sweta ya kazini ilionekana shingoni chini ya kanzu. Siku ile alitueleza taratibu, kwa sauti yake ya mtu ambaye hajalala vizuri. Alisema kuna adhabu zilizokwisha kuwekwa na sheria ya dini, na hizo si mambo ya watu wa chumba cha baiskeli, tusizizungumze. Lakini makosa mengi ya watu hayamo humo. Hayo adhabu yake imeachwa kwa kadhi aipime, na jina lake ndilo hilo ubaoni. Aipime kwa kipimo gani? Kwa desturi, alisema, lakini desturi ya watu wenye akili, ya mahali pale na wakati ule. Desturi ya mtu yeyote tu haitoshi. Tena apime na hali ya mtu mwenyewe, kwa sababu yuko anayetosheka kwa kutazamwa, yuko wa kuambiwa tu nimesikia ulichofanya, na yuko ambaye hata ukimfungia chumbani anatoka vilevile.

Leila akauliza kama kule Tanga tungepigwa. Maalim akasema yeye alipigwa sana chuoni, kwa mkwaju, nyayoni, na baba yake alimpelekea mwalimu samaki kumshukuru, na hakuna mtu mtaani aliyeona ajabu. Halafu akasema jambo ambalo nililipigia mstari mara mbili. Alisema huku tuliko, mkono wa mwalimu ukimgusa mtoto, mtoto haoni adabu, anaona uadui, na majirani wanaona uadui, na sheria inaona hivyohivyo. Kitu kikishapoteza maana yake machoni pa watu, huwezi tena kukiita cha kurekebisha. Ndiyo maana alipoanzisha madrasa hakuweka fimbo. Aliweka kusimama.

Kusimama ilikuwa hivi. Jumamosi ya mwisho kabla ya Ramadhani tulikuwa na vunja jungu. Wazazi wote wanakuja na masufuria, pilau, samaki wa kupaka, na katika miaka ile kina mama wa Kongo walianza kuleta sombe pia, kisamvu chao. Kabla ya kula, yeyote aliyemkosea mwalimu au mwenzake mwaka ule anasimama mbele, anasema naomba radhi, anataja kosa, na watu wote wanajibu tumekusamehe. Maalim alijivunia sana jambo hili. Na kwa kweli kwa wengi ilikuwa mchezo. Wavulana walikuwa wanasimama wakitabasamu, nusu dakika, wanarudi kwenye sahani. Mimi kila mwaka nilikuwa nawatazama huku nikishika ukingo wa kiti kama vile ni mimi ninayesimama. Shuleni kwetu walimu walikwisha kunizoea. Kazi ya kuzungumza mbele ya darasa niliifanya na mwalimu peke yake baada ya vipindi, mlango umefungwa, na hakuna aliyeona ni jambo la kushangaza. Huko ndivyo desturi ilivyo. Sikuwahi kufikiria kwamba desturi hizo mbili zingekutana juu ya kichwa changu.

Kile kipupwe kilikuwa kirefu. Saa tisa alasiri giza, asubuhi giza, na ndani ya daftari langu kurasa nyingi zinaanza na neno nimechoka, bila sababu. Nilizidi kuandika. Na niliyemwandika zaidi alikuwa Bi Zuhura.

Bi Zuhura alifundisha watoto wadogo. Mtu wa Mombasa, anaishi Alby, anakuja na mkoba mkubwa wenye chaki zake mwenyewe kwa sababu hakuziamini chaki za mtu mwingine. Alikuwa anakipenda Kiswahili kama watu wanavyopenda vyombo vya kabatini, vya kutazamwa. Katika darasa lake walikuwemo dada wawili, Sakina na Mariamu, mmoja miaka kumi na mwingine minane, wazazi wao watu wa Kasongo, Kongo. Wakisema miye naendaka, Bi Zuhura anasimamisha somo. Anamwambia Sakina arudie, polepole, wenzake wasikie. Anarudia, wenzake wanacheka. Halafu Bi Zuhura mwenyewe anaigiza, kwa mkono kiunoni, na anacheka mpaka machozi. Na viti vyao vilikuwa mlangoni. Ati walichelewa kujiandikisha.

Ukurasa wenyewe nauandika hapa kama ulivyo, kwa sababu kuufupisha itakuwa kujipendelea. Niliandika: "Bi Zuhura anatembea kama bata aliyeshiba. Meno yake ya juu si yake, nimeyaona msalani ndani ya glasi. Anawaweka Sakina na mdogo wake kwenye baridi kwa sababu anakionea haya Kiswahili chao. Akicheka yeye, darasa zima linacheka, na Sakina naye anacheka, na hapo ndipo ninapoumia."

Mwisho wa Februari, Jumamosi, nilikwenda msalani nikaliacha daftari wazi. Leila akaupiga picha ukurasa ule akautuma kwenye kundi la simu la wasichana wakubwa. Aliniambia baadaye, na ninamwamini, kwamba hakuwa na nia mbaya. Aliona ninachekesha na hakuna anayejua ninachekesha. Alitaka wajue. Kabla ya magharibi picha ilikuwa imefika kwa Bi Zuhura.

Mama yangu aliisoma jikoni, ndizi zikiwa motoni. Akazima jiko. Hakunifokea. Aliuliza meno ya mtu yana nini cha kuandikwa, kisha akakaa kwenye kiti na koti lake la kazini, akatazama ukuta. Simu ikalia, alikuwa Maalim, na mimi nikiwa kwenye korido nilisikia upande wa Mama tu: ndiyo Maalim, hapana Maalim, huyu hasemi na mtu, Maalim unamjua. Kamati ya wazazi ilikuwa imekaa. Tutasimama wote wawili siku ya vunja jungu, Leila na mimi, na Bi Zuhura atakuwepo. Mpaka siku hiyo hatafundisha.

Nilikuwa na wiki tatu. Wiki ya kwanza sikula sawasawa. Hofu ya kusimama ilikuwepo, lakini chini yake kulikuwa na jambo jingine lililonichosha zaidi, kwamba nitatakiwa kuuombea radhi ukurasa mzima. Maneno ya bata na ya meno yalikuwa uovu wangu mtupu, nilitamani kuyameza. Lakini ya viti vya mlangoni yalikuwa kweli. Ningesema naomba radhi kwa niliyoyaandika, Sakina yupo pale ananisikiliza, angeelewa nini? Kwamba na lile nalo lilikuwa kosa, na yeye ni wa kukaa kwenye baridi.

Basi nikamwandikia Maalim barua, kurasa mbili, ndani ya treni. Nilimkumbusha somo lake la Septemba. Nikasema wewe ulitufundisha kipimo ni hali ya mtu na desturi ya watu wenye akili. Leila akisimama ni kama kunyanyuka kuchukua chumvi. Mimi nikisimama ni kitu kingine. Kwa nini kipimo ni kimoja? Na nikauliza, kwa herufi ndogo kabisa chini ya ukurasa, hao watu wenye akili ni kina nani.

Aliisoma amesimama kwenye vyuma vya baiskeli, koti bado mwilini. Aliisoma mara mbili. Nilikuwa natazama viatu vyake, viatu vya dereva, soli imeisha upande wa kulia.

"Hili la mwisho nimejiuliza miaka mingi," akasema. "Nadhani ni wale ambao wewe mwenyewe ungekubali wakuhukumu."

Nikaitikia kwa kichwa. Sikujua nakubali nini.

"Nitaipeleka kwa kamati, mwanangu. Ila siahidi kitu."

Wiki iliyofuata alinirudishia jibu pembeni ya pazia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeendesha basi siku sita. Kamati imesema desturi inajulikana. Nikiruhusiwa mimi kuandika barua badala ya kusimama, kesho mwingine atasema na mwanangu ana haya, na Bi Zuhura atasema amedharauliwa mara mbili. Walikuwa watu wazuri, wale wazazi. Waliamini kabisa kwamba kusimama ndiyo adhabu laini kuliko zote duniani, kwa sababu kila mmoja wao aliilinganisha na mkwaju. Maalim alijua si hivyo kwangu. Alijua, na akakubaliana nao. Hili ndilo ambalo siku ya khitma sikuweza kulisema mbele ya watu wanaolia.

Siku ya vunja jungu chumba kilijaa mpaka kwenye ngazi. Mama alipika pilau sufuria kubwa tukaipeleka kwa treni, imefungwa kwa taulo, watu wote wa behewa wanatutazama kwa njaa. Bi Zuhura alikaa mbele, buibui mpya, mkoba mapajani. Sakina na Mariamu walikuwa mahali pao, mlangoni, na makoti. Leila aliitwa kwanza. Akasimama, akasema förlåt allihopa, samahani nyote kwa Kiswidi, wakubwa wakanuna na vijana wakacheka. Maalim akamwambia aseme kwa lugha ya aliyemkosea. Akasema naomba radhi kwa kutuma picha. Tumekusamehe. Akarudi kukaa, akanifinya mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu kabisa.

Kisha mimi. Nilifika mbele, hilo nililiweza. Nikageuka. Nilikuwa nimejifunza sentensi mbili, moja ya kuomba radhi kwa bata na meno, ya pili kusema kwamba la viti siliombei radhi. Nilizijua kama ninavyoijua Fatiha. Hazikutoka. Si kwamba nilizisahau, zilikuwa pale. Nikatazama masufuria. Mtu akakohoa. Mtoto akauliza kama tunakula sasa, mama yake akamnyamazisha. Nilimsikia mzee mmoja akimwambia jirani yake sema basi, sema tu mtoto wetu, kwa upole, na upole huo ulizidi kunifunga. Saa ya ukutani ilikuwa nyuma yangu, hivyo sijui ni muda gani. Leila anasema dakika sita. Mama anasema hataki kukumbuka.

"Kiburi tu hicho," akasema Bi Zuhura. Hakusema kwa nguvu. Alisema kama anayetaja hali ya hewa.

Hapo Maalim akanyanyuka. Alikuja akasimama kando yangu, bega lake usawa wa kichwa changu, akawageukia watu.

"Naomba radhi," akasema. "Huyu nimempimia kwa kipimo cha wengine, na nilijua. Mwenye kuadhibu kwa makisio akizidisha, dhamana ni yake. Kwa hiyo nasimama mimi."

Watu walitakiwa kujibu tumekusamehe. Hakuna aliyejibu. Hawakujua kama inafaa kumjibu hivyo maalim. Wakatazamana, mmoja akaanza nusu ya neno akaliacha. Ikawa tumesimama wawili mbele ya chumba kimya, mtu mzima na msichana, na pilau inapoa. Bi Zuhura akafunga zipu ya mkoba wake, akanyanyuka, akapita katikati ya watu, akatoka. Hakula. Upepo uliingia alipofungua mlango, nikamwona Sakina akivuta kofia ya koti lake.

Baada ya hapo Maalim alinigusa begani kwa vidole viwili nikakae, akasema bismillah, watu wakala. Desturi ile haikurudi tena. Mwaka uliofuata, wakati wake ulipofika, Maalim alisema tu tusameheane, na kila mtu akamgeukia aliye karibu naye. Nilipoisikia habari hiyo sikufurahi. Nilikuwa nimekwisha kuacha kwenda. Nilikuwa naona nimemvunjia mtu kitu chake alichokitengeneza kwa uangalifu, kitu ambacho kwa watoto arobaini kilifanya kazi, kikashindwa kwa mmoja. Siku hizi nafikiri tofauti kidogo, kwamba kama kipimo kinafaa watu wote isipokuwa yule anayepimwa, basi hakijapima. Lakini hiyo ni akili ya leo. Siku ile, kwenye treni ya kurudi Rågsved, sufuria tupu katikati ya miguu yetu, nilikuwa na jambo moja tu kichwani. Leila amesamehewa. Maalim ameomba. Bi Zuhura ameondoka na njaa, na sentensi zangu mbili bado ninazo mimi.

Mama aliegemea dirisha, macho yamefumba. Tulipokaribia kushuka akaniuliza kama nilitaka kusema. Nikamwambia ndiyo. Akasema alijua.

Jumapili asubuhi niliamka kabla yake. Nilipanda treni mpaka Slussen nikabadilisha, nikashuka Alby saa tatu na nusu. Anwani niliitoa kwenye orodha ya walimu iliyobandikwa kwenye friji yetu. Ghorofa ya nne. Nilisimama mbele ya mlango, nikasikia redio, na maji yakifunguliwa na kufungwa. Nikabonyeza kengele kabla sijajiuliza zaidi.

Alifungua akiwa na kanga kichwani, nyingine kiunoni, na unga mikononi. Bila buibui alikuwa mfupi kuliko nilivyomjua. Nikamwamkia shikamoo, ikatoka. Aliangalia nyuma yangu, ngazini, akitafuta nimekuja na nani.

"Maalim amekutuma?"

"Hapana."

Nikasema. Nilisema nikiutazama unga ule mikononi mwake, na sauti yangu ilikuwa nyembamba kama ya mtoto mdogo, lakini ilikuwepo. Nilimwambia naomba radhi kwa neno la bata na neno la meno, ni ubaya wangu, sikuwa na haki. Nikamwambia lile la Sakina na Mariamu kukaa mlangoni siwezi kuliombea radhi, kwa sababu ni kweli.

Redio ilikuwa inaendelea ndani. Bi Zuhura alijipangusa mikono kwenye kanga, mmoja, kisha mwingine, polepole, kama mtu aliyepewa kazi ndefu wakati hana nguvu nayo.

"La kwanza nimekusamehe," akasema. "La pili niachie mimi."

Akafunga mlango, bila kuubamiza. Nilishuka kwa miguu ghorofa zote nne, nikaenda kituoni, na ndani ya treni nililala usingizi mzito mpaka nikapitiliza Slussen.